Orioles wamejaza miche bustanini, lakini nani atarusha mpira?

Tangu mpigaji Pete Alonso asaini na Orioles, timu yetu ya besiboli ya Baltimore, Marekani, mwezi Desemba 2025, simu yangu haijapumzika. Hata watu ambao mwaka jana walinicheka kwa kuishabikia timu ya mkiani sasa wananiita "kaka" na kuuliza tiketi. Nimechagua maswali machache na kuyafupisha. Majibu ni yangu, na hasira ni yangu pia.

Kaka, niko Dar, naangalia vipande vya video tu. Timu iliyoshinda mechi 101 mwaka 2023 iliwezaje kushinda 75 mwaka 2025, na vijana ni walewale?

Ndugu yangu, hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza uelewe kwamba huku hakuna kushuka daraja. Timu ikishika mkia haipelekwi kucheza mikoani. Inabaki palepale, na kama zawadi inapewa nafasi ya mbele katika drafti, yaani siku ya kugawana vijana wanaotoka shule na vyuo. Orioles walipoteza mechi 115 mwaka 2018, 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Nilianza kwenda uwanjani miaka hiyo kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi kuliko chakula cha mchana, na ungeweza kunyoosha miguu juu ya viti vitatu. Mike Elias, aliyeletwa kutoka Houston mwishoni mwa 2018 kusimamia masuala ya besiboli, aliutumia unyonge ule vizuri. Alimchagua mdakaji Adley Rutschman akiwa wa kwanza kabisa mwaka 2019, na katika raundi ya pili ya mwaka huohuo akampata Gunnar Henderson. Mwaka 2022 akachagua wa kwanza tena, akamchukua Jackson Holliday. (Siku hizi kuna bahati nasibu kwa nafasi za juu, ili timu zisifungwe kwa makusudi. Ilianza na drafti ya 2023, baada ya sisi kushiba.)

Sasa angalia wote hao: ni wapigaji. Kuanzia 2019 hadi 2025 Elias hakuchagua mrushaji hata mmoja katika raundi ya kwanza. Hoja yake inaeleweka. Mkono wa mrushaji ni kama tairi la daladala, hujui litapasuka lini, na kijana wa miaka 18 anaweza kufanyiwa upasuaji wa kiwiko kabla hujamwona uwanjani. Mpigaji ana uhakika zaidi. Sawa. Lakini anayekataa kupanda mahindi lazima awe tayari kwenda sokoni kununua unga, na Elias sokoni alikuwa anakwenda na chenji.

Kipupwe cha kuelekea 2025 aliondoka Corbin Burnes, mrushaji wetu bora. Warushaji wengine, Kyle Bradish na Tyler Wells, walikuwa bado wanauguza viwiko. Tuliletewa Charlie Morton, mwenye miaka 41, kwa dola milioni 15, na Tomoyuki Sugano kutoka Japani, miaka 35, kwa milioni 13. Wote kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kisha mrushaji Grayson Rodriguez akaumia kabla msimu haujaanza na hakurusha mpira hata mmoja mwaka mzima. Kufikia katikati ya Mei tulikuwa tumeshinda 15 na kupoteza 28. Vijana walikuwa walewale, ndiyo, lakini ukiruhusu mikimbio (yaani pointi) sita kila jioni wapigaji huanza kutafuta homu rani, lile pigo la kuvusha mpira nje ya uzio, kwa kila mpira, na hapo wanaharibika wao pia.

Mimi ni wa Yankees, niko New Jersey. Mbona mlimwachia Burnes aende zake bure?

Karibu mtani. Si bure kabisa. Tulimnunua kutoka Milwaukee Februari 2024 kwa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya drafti, tukijua amebakiza mwaka mmoja. Akafanya kazi. Oktoba, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Kansas City, aliruhusu mkimbio mmoja tu, na tukafungwa 1-0. Kesho yake 2-1, tukaenda nyumbani. Mechi mbili, mkimbio mmoja. Hapo usimlaumu mrushaji.

Arizona wakampa dola milioni 210 kwa miaka sita, na Juni 2025 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Kuna mashabiki wa kwetu walioshangilia kimyakimya, kwamba bora hatukulipa. Mimi sipendi hesabu ya namna hiyo. Kama sababu ya kutomlipa ilikuwa hofu ya mkono wake, fedha ile ingepelekwa kwa mkono mwingine. Haikupelekwa.

Tena jirani yetu Boston, kipupwe hichohicho, alitoa chipukizi wanne kwa Chicago White Sox akamchukua mrushaji Garrett Crochet. Crochet akashinda mechi 18 mwaka 2025 na kuongoza ligi yetu, American League, kwa kuwatoa wapigaji kwa straiki tatu, mara 255. Sisi ndio tuliokuwa tunasifiwa kwa ghala la chipukizi, lakini aliyefungua ghala lake ni mwenzetu.

Shikamoo mzee. Kwenye kubadilishana vijana wetu Stowers na Norby kwa mrushaji Trevor Rogers, nani alimpiga mwenzake?

Marahaba. Ungeniuliza Septemba 2024 ningekujibu kwa matusi. Rogers alikuja kutoka Miami mwezi Julai, akaanza mechi nne, akapigwa kama ngoma ya harusi, akapelekwa Norfolk kwenye timu yetu ya akiba. Mwaka uliofuata akaanza mechi 18 kwa wastani wa mikimbio 1.81 kwa kila zamu tisa. Huo ni wastani wa mfalme. Upande wa pili Kyle Stowers akapiga homu rani 25 na kuitwa kwenye kikosi cha nyota.

Kwa hiyo wote wamefaidika, na mimi hiyo ndiyo biashara ninayoipenda. Stowers kwetu alikuwa anazunguka kati ya benchi na Norfolk kwa sababu sehemu ya nyuma ya uwanja, anakocheza, ilikuwa imejaa. Mchezaji chipukizi anashuka bei akikaa, kama samaki wa asubuhi. Mtazame Heston Kjerstad, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2020. Wakati fulani klabu yoyote ingempokea kwa mikono miwili. Mwaka 2025 alirudishwa Norfolk, na leo ukimpeleka sokoni utaulizwa umeongeza nini juu yake.

Halafu wakamtoa Grayson Rodriguez ili wampate mpigaji Taylor Ward! Wamerukwa na akili?

Dada, uliandika kwa herufi kubwa zote, nimezipunguza kwa heshima.

Nilikasirika siku mbili. Rodriguez klabu ilikuwa na haki naye kwa miaka minne zaidi. Ward amebakiza mmoja, kisha ni mchezaji huru. Kwa karatasi tumetoa ng'ombe kwa ndama. Lakini Ward alipiga homu rani 36 akiwa na timu ya Angels mwaka 2025, na Rodriguez alikuwa hajacheza mechi ya ligi kuu tangu katikati ya 2024. Waliosoma picha za bega na kiwiko chake ni madaktari wa Baltimore, si mimi wala wewe. Wakikubali kumwachia kwa bei hiyo, wanatuambia jambo.

Lililonikera zaidi ni kwamba timu inayolia kukosa warushaji ilitoa mrushaji. Ningelala vibaya hadi leo kama Desemba wasingemleta mrushaji Shane Baz kutoka Tampa Bay.

Baz ana thamani ya chipukizi wanne?

Wanne, pamoja na nafasi moja ya drafti. Ni bei ya juu kwa mtu aliyemaliza 2025 na wastani wa 4.87, na ambaye alishafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2022. Mimi ningelipa. Kwanza alianza mechi 31, yaani mkono ulistahimili. Pili, Tampa Bay mwaka ule hawakuwa na nyumba. Kimbunga Milton kilichana paa la uwanja wao, wakacheza kwenye uwanja mdogo wa mazoezi wa Yankees ambako mipira ilikuwa inaruka tu. Tatu, alikuja tukiwa na haki naye hadi 2028.

Na kuna kichekesho kidogo. Mmoja wa wale wanne ni mdakaji Caden Bodine, tuliyemchagua kwa moja ya nafasi mbili za fidia tulizopewa baada ya Burnes na mpigaji Anthony Santander kuondoka. Kwa hiyo Burnes, akiwa Arizona na mkono kwenye bandeji, amechangia kutuletea mrushaji. Elias angeanza kuwaza hivi miaka miwili nyuma nisingekuwa na haja ya kuandika safu hii.

Alonso: milioni 155 kwa miaka mitano. Ana miaka 31. Huogopi?

Naogopa mwaka wa nne na wa tano. Mwanaume mkubwa wa kituo cha kwanza, miguu mizito, akifika 35 huwa anabaki na jina. Lakini ameondoka Mets ya New York akiwa na homu rani 264, rekodi ya klabu ile, na misimu ya 2024 na 2025 alicheza mechi zote 162. Kwa timu iliyokuwa inauguza nusu ya kikosi mwaka 2025, mtu anayefika kazini kila siku ni mali.

Na lipo la mwenye klabu. David Rubenstein, mzaliwa wa Baltimore, aliongoza kundi lililoinunua mwaka 2024 kwa dola bilioni 1.725 kutoka kwa familia ya Angelos. Kwa mwaka mmoja na nusu tulimwona akigawa kofia kwa mashabiki na kupiga picha. Nilianza kusema mzee huyu mkarimu kwa kofia tu. Naifuta kauli, kwa muda.

Kufukuzwa kwa Brandon Hyde kulikuwa haki?

Hapana. Mwaka 2023 alichaguliwa kocha bora wa ligi yetu, na Mei 2025 akafukuzwa kwa kikosi alichopewa na mtu mwingine. Baada yake timu ilishinda 60 na kupoteza 59. Huo si ufufuko. Craig Albernaz, kocha mpya aliyetoka Cleveland, simjui vya kutosha kumsifu wala kumponda.

Holliday ni jina la baba tu?

Ana miaka 22! Aliingia ligi kuu Aprili 2024 akiwa na 20, akapata mapigo mawili katika majaribio 34, akarudishwa Norfolk. Mwaka 2025 alipiga homu rani 17. Baba yake Matt, naye mchezaji wa zamani wa ligi kuu, alipokuwa na umri huu alikuwa bado kwenye ligi ndogo. Mwacheni mtoto akue.

Niko Kampala, nadaka kwenye timu ya chuo. Mwafrika ana njia huko kweli, au ni picha za mtandaoni?

Mdogo wangu, njia ipo, lakini ni nyembamba. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kuzaliwa Afrika na kufika ligi kuu, akiwa na Pittsburgh mwezi Aprili 2017, na jaribio lake la kwanza alipata pigo safi. Wenzako Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na timu ya Dodgers mwaka 2022. Dennis Kasumba, mdakaji kama wewe, mwaka 2023 alichezea Frederick Keys, timu ya mji ulio saa moja hivi kwa gari kutoka Camden Yards, uwanja wetu.

Tatizo la chipukizi wa kwetu ni mechi. Kijana wa Jamhuri ya Dominika akisaini akiwa na 16 ameshaona mipira ya kasi maelfu kwa maelfu. Samuel Basallo, mdakaji wetu kutoka huko, alipewa mkataba wa dola milioni 67 kwa miaka minane akiwa na miaka 21. Wewe ukirusha na kudaka vizuri lakini unacheza mechi kumi kwa mwaka, skauti hana cha kupima. Tafuta mechi kabla ya kutafuta video. Na ukidaka, jifunze Kihispania. Sitanii, nusu ya warushaji utakaowaongoza wanakizungumza.

Swali la mwisho, kaka: 2026 mtashinda ngapi, na Gunnar mtambakisha?

Mechi 87, na mtoano kwa mlango wa uani. Bradish akiwa mzima na Rogers akirudia hata nusu ya aliyoyafanya, niongezee tatu.

Gunnar atakuwa huru baada ya msimu wa 2028, Rutschman mwaka mmoja kabla yake. Wakala wa Gunnar ni Scott Boras, ambaye wateja wake wengi husubiri soko lifunguke. Mimi ningempelekea karatasi leo, yenye tarakimu ambazo zingemfanya Rubenstein aache kugawa kofia. Wakikataa, basi ifikapo Julai 2027 nataka kusikia majina ya warushaji wanaoletwa badala yake. Nisisikie tena habari za nafasi ya fidia.