Kaburi la Vasco da Gama, Kochi

Hayumo. Kilichobaki katika kanisa la St. Francis pale Fort Kochi, India, ni jiwe tu la kaburi, sakafuni upande wa kulia, limezungushiwa uzio mfupi. Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524 akazikwa humo. Baada ya miaka kama 14 mabaki yake yakarudishwa Ureno, na leo yako katika monasteri ya Jerónimos, Lisbon. Kwa hiyo anayekuambia "amelala hapa" anakupunja kidogo.

Lakini usilipite kanisa kwa sababu hiyo. Binafsi naona mapepeo ya kitambaa yaliyoning'inizwa juu ya viti yanavutia kuliko hilo jiwe: zamani watu walikaa nje wakiyavuta kwa kamba ili waumini wapate upepo. Angalia tu usilichanganye na Santa Cruz, kanisa kubwa la Kikatoliki lililo karibu. Na Jumapili asubuhi kuna ibada, kwa hiyo nenda siku nyingine.