Mkanda wa picha: maswali yenu na majibu yangu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba bado napiga picha kwa filamu, basi maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechukua manne, mengine yanafanana.

SWALI: Dada habari za kazi. Mdogo wangu kaweka simu pembeni kajinunulia kamera ya zamani ya mkanda, anapata picha 36 tu halafu anasubiri wiki nzima ndo azione, na zingine zinatoka na ukungu. Simu yake inapiga vizuri kuliko hiyo kamera. Mi naona ni fasheni itapita, au kuna kitu sikioni?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Kipo kitu, tena kikubwa, na naomba usimvunje moyo huyo mdogo wako.

Nianze na hizo 36 zinazokusumbua. Ukiwa na simu unampiga mtoto picha 40 akicheka na baada ya hapo huangalii hata moja. Kwenye mkanda kila ukibonyeza unajua zimebaki 35, zimebaki 34, kwa hiyo jicho linaanza kazi kabla ya kidole, unasubiri mtu ageuke, unasogea hatua mbili, unatazama mwanga unamwangukia wapi usoni, na mara nyingi sana unashusha kamera bila kupiga kwa sababu umeona kabisa hapo hakuna picha. Hiyo ya kushusha kamera ndo shule yenyewe. Mimi iliyonifundisha kuangalia ni hiyo.

Halafu kusubiri nako kuna faida yake. Picha ukiiona palepale bado uko ndani ya ile furaha, kila kitu unakiona kizuri. Ukiiona baada ya wiki joto la siku ile limeshashuka, unabaki na karatasi mbele yako na unajua bila kudanganywa kama inasimama yenyewe au haisimami.

Ila kinachonishika mimi zaidi ni mkanda wenyewe kama kitu. Umepakwa jelatini yenye chembe ndogo mno za chumvi ya fedha, ndio, fedha hiihii ya pete na hereni. Mwanga ukigusa chembe unaacha alama ya atomu chache tu za fedha, ukitazama mkanda saa hiyo huoni chochote, picha ipo lakini imelala. Ukiusafisha ile dawa ya kwanza inaiamsha, chembe zilizoguswa zinageuka fedha nyeusi, kisha dawa nyingine inaziyeyusha zile ambazo hazikuguswa. Hiyo ya kuyeyusha mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliigundua mwaka 1819, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa kwa dunia mwaka 1839, na mpaka leo tunatumia dawa ya ukoo huohuo.

Sasa fikiria maana yake. Ninayo negativu moja, yaani kipande cha mkanda uliokwisha safishwa, ya bibi yangu amekaa mlangoni, nikiishika kwenye dirisha namwona kinyumenyume, uso wake mweusi umekuwa mweupe na nywele zake nyeupe zimegeuka kuwa giza, kitambaa chake begani kina mikunjo mitatu naihesabu. Mwanga uliotoka kwenye shavu lake siku ile ndio uliogusa kipande hichi hichi nilichoshika, sio nakala ya nakala, hichihichi. Alishafariki. Siwezi kukuelezea zaidi ya hapo.

Na sitakuficha kwamba mkanda unaweza kukuumiza pia. Mkanda wangu wa kwanza haukushika vizuri kwenye kile kijiti cha kuvutia, kihesabio kikawa kinasogea mpaka 36 na mimi nabonyeza kwa raha zote, kusafisha ukatoka mweupe pee. Ilikuwa siku ya mwisho shangazi zangu wote kukaa pamoja. Kwa hiyo mwambie mdogo wako akishaweka mkanda na kufunga mgongo wa kamera, akaze taratibu kile kinobu cha kurudishia mpaka ulegevu uishe, halafu akivuta kwenda picha inayofuata aangalie kinobu hicho kinazunguka chenyewe, kisipozunguka basi mkanda hautembei.

SWALI: Samahani dada, mchoraji namwelewa, anakaa na rangi miezi. Mpiga picha anabonyeza mara moja mashine inamaliza. Kwa nini picha ya kubonyeza iwekwe makumbusho tuambiwe ni sanaa?

JIBU: Swali lako wala sio jipya, limeulizwa tangu karne ya 19, na nalipenda. Ila nadhani kazi unaihesabu mpaka pale kwenye kubonyeza, wakati pale ndo kwanza nusu yake.

Mchukue mpiga picha Ansel Adams wa Marekani, ambaye kabla ya kamera alisomea piano. Mwaka 1941 alikuwa njiani jioni huko New Mexico akaona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez na jua la mwisho limeshika misalaba ya makaburini. Kipima mwanga hakukiona, akapiga hesabu kichwani kwa kutumia mwangaza wa mwezi ambao alikuwa anaujua, akapiga moja, na kabla hajapiga ya pili jua likatoka kwenye misalaba. Hapo unaweza kusema bahati. Lakini negativu ile aliichapa zaidi ya mara 1,000 maishani mwake, tena kwa mkono, na chapa za mwanzo anga lake lina weupe weupe wa mawingu wakati zile za miaka ya baadaye anga ni jeusi zito na mwezi unaning'inia peke yake. Negativu ileile! Yaani miaka yote hiyo alikuwa bado anatafuta alichokiona jioni ile.

Na inafanyikaje? Uko chumba cha giza, taa nyekundu, mashine ya kukuzia inamwaga mwanga kupitia negativu kwenda kwenye karatasi. Pale unapotaka pawe peupe unapakinga kwa kiganja sekunde kadhaa, pale unapotaka giza unaongezea mwanga, na kiganja lazima kitembee tembee la sivyo unaona mstari. Kisha karatasi inaingia kwenye trei ya dawa, mwanzo nyeupe tupu, unatikisa trei taratibu, kwanza yanatokea macho na nywele kama kivuli, halafu shavu, halafu kitambaa. Nimeshaona mamia na kila mara napumua polepole mpaka uso ukamilike. Ukikosea unatupa karatasi unaanza upya, na unaweza kumaliza siku nzima na picha moja. Huyo wa kukaa na rangi miezi angekuelewa.

Wengine sanaa yao iko mbele ya kamera. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, wateja ni watu wa kawaida wanaotaka picha nzuri ya kuweka nyumbani. Alikuwa anatumia negativu kubwa za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida mteja mmoja alimpiga mara moja tu. Mara moja! Kwa hiyo kila kitu kilipangwa kabla, mkono ukae wapi, kichwa kiiname kiasi gani, gauni la maua mbele ya pazia la maua na bado mtu hapotei ndani yake. Dunia ya majumba ya maonyesho ya sanaa ilikuja kumjua miaka ya 1990, ila ukitazama wale kina mama wanavyokuangalia utaona sanaa ilikuwepo siku ileile ya kwanza, hata kabla ya mtu wa makumbusho kuisogelea.

SWALI: Si naweza kuweka tu filta ya simu ikaonekana kama filamu?

JIBU: Kwa mbali inaweza, na kama imekupendeza itumie, hakuna aliyekukataza. Tofauti ni kwamba pikseli, yaani nukta zinazounda picha ya simu, zimepangwa kwa mistari kama vigae, wakati chembe za filamu zimetawanyika ovyo na hakuna picha mbili zenye mtawanyiko mmoja. Filta inamwaga chembe juu ya picha iliyokwisha. Kwenye filamu chembe ndiyo picha, ukiziondoa hubaki na kitu.

SWALI: Shikamoo dada. Nimekuta kwenye droo ya marehemu baba mkanda umeshapigwa lakini haujasafishwa. Una miaka mingi. Niutupe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usiutupe! Vivian Maier alikuwa yaya Chicago, akapiga picha maisha yake yote bila kuzionyesha kwa watu, na mwaka 2007 maboksi yake yaliponadiwa zilikutwa pia mikanda mingi ambayo hajawahi kuisafisha. Leo jina lake linajulikana duniani, na zimo picha ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuziona.

Kwanza soma kigamba cha mkanda, yaani kile kikopo kidogo unamokaa. Kikiandikwa C-41 mara nyingi ni wa rangi wa kawaida, unasafishika, rangi zinaweza kuwa zimefifia au kuhama kidogo. Kama ni mweusi na mweupe una nafasi nzuri zaidi maana hiyo huvumilia miaka vizuri. Kama ni Kodachrome, filamu ya rangi ya zamani ya Kodak, maabara ya mwisho iliyokuwa inaisafisha iliacha kuipokea mwisho wa 2010, rangi haipatikani tena kwenye maabara za kawaida, lakini wako wanaoisafisha kama nyeusi na nyeupe na sura zikatoka. Usivute ncha ya mkanda nje kuchungulia, hata kidogo, na usiuache juani wala karibu na jiko. Kama uko bado ndani ya kamera usifungue mgongo wake, urudishe kwanza ndani ya kigamba, na kama kinobu kinakwama usilazimishe, mpelekee anayejua aufungulie gizani.

Na ukiupeleka mwambie msafishaji kabisa kwamba ni wa zamani na unakadiria umri gani, maana mara nyingine anabadilisha muda wa dawa. Zikitoka, hata mbili tu, niandikie nijue yalikuwemo nini.