Maswali na Majibu ya Karakana: Mchoro Bila Toleransi Ni Picha Tu

Nimechora mashine ya kupukuchua mahindi. Shafti ni milimita 20, tundu la bushi (pete inayoshikilia shafti) pia 20, lakini fundi wa Kibuye alipomaliza kukereza, shafti ilikataa kuingia. Nani alikosea? – Mwanafunzi, Kisumu

Wewe. Fundi hana hatia. Hakuna mashine ya kukereza, iwe ya Kisumu au ya Ujerumani, inayotoa milimita 20 kamili kila mara. Ukiandika "20" ukanyamaza, umemwachia fundi akisie, na yeye amekisia.

Ulipaswa kuandika toleransi, yaani kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa unachokubali. Kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, ungeandika shafti iwe kati ya 19.7 na 19.9, na tundu kati ya 20.0 na 20.2. Shafti nene kabisa ikikutana na tundu dogo kabisa, inabaki nafasi ya 0.1. Nyembamba kabisa ikikutana na kubwa kabisa, nafasi ni 0.5. Italegea kidogo, lakini itazunguka. Na shafti ya pili, hata ikikerezwa wiki ijayo na fundi mwingine, itaingia bila kupigwa tupa. Hilo ndilo ninalolipigia kelele kila mwezi: kitu hakijasanifiwa mpaka mtu usiyemjua aweze kukitengeneza akiwa na karatasi yako peke yake.

Ukiweka beringi, mambo yanabadilika. Namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14, na mahali inapokaa shafti panataka usahihi wa sehemu za mia za milimita. Lipia usahihi huo hapo tu. Wanafunzi wengi huandika 0.01 kwenye kila mstari, hata kwenye miguu ya mashine. Fundi aidha atapandisha bei au atapuuza mchoro wote. Tena pima kwa kalipa ya venia. Tepu ya mshona nguo haipimi shafti.

Ni programu gani nzuri ya kuchorea kwenye kompyuta? – Wengi, Nakuru na kwingineko

Nimeulizwa hili hadi nimechoka. Yoyote. FreeCAD ni ya bure. Kabla ya kuifungua, nenda karakana ukaone bati linavyokatwa na kukunjwa, kwa sababu kompyuta itakuchorea kona ambayo hakuna mkono wala mashine inayoweza kuifikia, na haitakuonya.

Hopa yangu (sanduku la kumwagia mahindi) ina pande nne za mraba, kila moja milimita 620. Bei ya bati imenimaliza. Nitumie bati jembamba zaidi? – Bungoma

Usiguse unene kwanza. Angalia ukubwa. Bati la futi nane kwa nne lina takriban milimita 2440 kwa 1220. Kipande cha 620 hakiingii mara mbili kwenye upana, maana viwili ni 1240. Kwenye urefu vinaingia vitatu tu, kwa hiyo bati zima linakupa vipande vitatu, na zaidi ya nusu inabaki mapande. Hopa moja inakula bati la pili!

Punguza upande uwe 600. Sasa vinaingia viwili kwa upana na vinne kwa urefu: vipande vinane, hopa mbili kutoka bati moja. Umepunguza milimita 20 tu, na mkulima hatajua tofauti. Gharama nyingi za bidhaa huamuliwa kwenye mchoro, kabla fundi hajashika mkasi. Anza na saizi zinazouzwa dukani, kisha uchore.

Sampuli yangu imefanya kazi vizuri. Naweza kuanza kuuza? – Kakamega

Imefanya kazi mikononi mwa nani? Mpe mama anayepukuchua kila siku, uondoke. Ukirudi, angalia alipofunga kamba na alipoongeza mawe. Hapo ndipo penye kasoro. Kumbuka jiko la bati na udongo lililoenea nchini miaka ya 1980: wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, lakini lilibadilishwa likawa na kiuno, na kombe la udongo likakaa nusu ya juu tu. Mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa nyundo na mkasi wa bati, ndiyo maana limefika kila soko.

Nitafute hataza (patent) kwanza? – Siaya

Kama kweli una jambo jipya, wasilisha maombi KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili hataza, kabla ya kulianika kwenye maonyesho au TikTok. Hataza hulinda miaka 20. Kwa marekebisho madogo, uliza kuhusu modeli ya matumizi, inayolinda miaka 10. Lakini kwa kupukuchua mahindi, tafuta kwanza ni wangapi wamekutangulia.

Naomba unitumie mradi wa mwaka wa mwisho uliokamilika. – Eldoret

Hapana.

Kifuniko cha mkanda na puli kinaongeza bei. Naweza kukitoa? – Kitale

Hapana, na tafadhali usiulize tena. Mkanda unaozunguka kwa injini hunyakua leso, mkono wa shati na vidole kabla mtu hajapiga kelele, na huko shambani watoto husimama karibu. Tengeneza kifuniko kwa yale mapande ya bati, ukifunge kwa bolti zinazohitaji spana ili kisitolewe ovyo, na weka swichi ya kuzima mahali ambapo anayelisha mahindi anaifikia bila kuuvuka mkanda. Kama mteja hawezi kulipia hicho, usimuuzie.