Anwani iandikwe kwenye nazi yenyewe, si kwenye karatasi

Usibandike karatasi kwenye nazi hiyo. Umeandika kwamba unataka kumtumia rafiki yako wa Dar es Salaam nazi nzima kutoka Wete, bila boksi wala mfuko, na kwamba lebo umeshaichapisha na gundi umeshainunua. Gundi hiyo wape watoto wabandikie madaftari, kwa sababu mimi nilipita njia hiyo hiyo nikapoteza nazi, stempu na heshima yangu mbele ya shemeji.

Aliyenipoteza ni mtoto wa ami yangu, ambaye alitazama video kuhusu posta ya Hoolehua katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, ambako tangu 1991 wageni hutuma nazi zisizofungwa, akajiona ameshakuwa mkuu wa posta. Hakuniambia kwamba wenzetu wale huandika kwa kalamu juu ya makumbi yenyewe. Alinihakikishia kwamba lebo ya karatasi inapendeza zaidi, kana kwamba nazi ilikuwa inakwenda kuolewa.

Nikachukua nazi iliyoanguliwa siku ile ile, makumbi yangali mabichi na yanateleza, nikabandika lebo na stempu. Ilibingirika kwenye mizani mpaka karani akaiwekea kitambaa alichokiviringa kama kata ya kubebea ndoo, kisha akaniuliza kwa upole iwapo jina la mtumaji lipo mahali pengine. Nilimjibu kwamba lipo kwenye lebo, tena kwa herufi kubwa. Ulikuwa msimu wa masika. Makumbi yakatoa unyevu, gundi ikalegea, vifurushi vikasuguana ndani ya gunia, na lebo ikabanduka pamoja na stempu zote, ikabaki nazi isiyo na kwao. Miezi mitano baadaye nilikwenda kuchukua barua, nikaikuta kwenye kona ikiwa imeota chipukizi la shubiri nzima, na ubavuni ina alama ya mraba ya gundi. Sikuidai. Mtu mzima hadai mche wa mnazi mbele ya foleni.

Mwaka 1914, huko Idaho nchini Marekani, mtoto aitwaye May Pierstorff alipelekwa kwa bibi yake kwa huduma ya vifurushi vya posta, stempu zikiwa kwenye koti lake. Lakini yeye alikuwa na mdomo wa kusema anakwenda kwa nani, na nazi haina. Kwa hiyo tafuta nazi kavu, ambayo ukiitikisa maji yanalia ndani, isugue kwa msasa pande mbili, kisha andika kwa rangi ya mafuta anwani ya mpokeaji upande mmoja na yako upande wa pili, na uiache usiku kucha ikauke.

Na kile kipepeo cha ukili cha kupepea, ulichouliza mwishoni mwa barua yako kama nacho kitumwe bila kufungwa, kiandike anwani kwenye mpini, kwa rangi hiyo hiyo, pande mbili.