Ukipangiwa Mtera, anza na maji kabla ya mashine

Kila kundi jipya linalokuja kwenye vituo vya umeme wa maji vya Mtera au Kidatu kwa mafunzo ya vitendo lina haraka ileile: kushuka chini ya ardhi kuziona mashine. Siwalaumu, mashine zina mvuto wake. Ila wadogo zangu, mkinisikiliza mimi, siku za mwanzo kaeni huku juu, bwawani.

Bwawa la Mtera halikujengwa kwa ajili ya mitambo ya Mtera. Lilikamilika mwaka 1980 ili kuitunzia maji Kidatu, ambayo ilikuwa inazalisha umeme tangu 1975. Mashine mbili za Mtera, megawati 40 kila moja, zilifuata mwaka 1988. Kidatu ina mashine nne zenye jumla ya megawati 204, lakini bwawa lake ni dogo, halifiki hata mita za ujazo milioni 130. Mtera inahifadhi zaidi ya bilioni tatu. Kwa hiyo ukiwa zamu Mtera, ujue yupo mwenzako kule Morogoro anayesubiri maji utakayoachia leo.

Kuna namba mbili za kukariri kabla ya jina la bosi wako: 698.5 na 690. Hizo ni mita juu ya usawa wa bahari, bwawa likiwa limejaa na likiwa limefika kikomo cha chini cha kuzalishia umeme. Mgeni akisoma gazetini kwamba Mtera ina mita 691 hudhani maji yamejaa tele. Kumbe hapo imebaki mita moja tu. Hazina nzima ya kufanyia kazi ni mita nane na nusu.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Bwawa likijaa hutanda kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Sentimeta moja ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni sita. Ndiyo maana nawakazania kwenye kusoma kipimo cha usawa wa maji kwenye ukuta wa bwawa: upepo ukivuma maji hupanda na kushuka ukutani, basi subiri, soma tena, chukua wastani. Ukiandika 698.32 badala ya 698.23 umeziahidi mashine maji zaidi ya milioni 50 ambayo hayapo, na anayepanga uzalishaji atakuamini.

Halafu kuna jua. Bwawa ni pana na sehemu kubwa haina kina kirefu, na hali ya hewa ya kule mnaijua. Kiangazi maji hugeuka mvuke, na usawa wake unashuka hata mashine zikiwa zimezimwa. Usikimbilie kutafuta uvujaji.

Maji yanaingia kwa Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Ruaha Mkuu imekuwa ikikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993, na mtaambiwa wa kulaumiwa ni wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, bonde ambalo mto huo unapita kabla ya kufika hifadhini. Msimeze hilo zima zima. Wapo wataalamu walioonyesha kwamba mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulichangiwa pia na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, yaani na watu wa kazi yetu. Binafsi naona pande zote mbili zina la kujibu, ila kinachonikera ni fundi anayenyoosha kidole Usangu wakati daftari lake la zamu lina mapengo.

Jambo jingine, maji ya Mtera hayaishii Kidatu. Ruaha Mkuu inaingia Rufiji, na sasa maji yaleyale yanafika Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine tisa na megawati 2,115. Tone moja linafanya kazi mara tatu. Likipita kwenye mageti ya Mtera badala ya kwenye mashine, zamu yake ya kwanza imepotea, ingawa Kidatu bado italipata. Ukifungua geti, basi, andika saa ya kufungua, uwazi wa geti, kina cha wakati huo na aliyeagiza. Ukilifunga, andika vilevile, kabla hujaenda kunywa chai.

Wavuvi wa pale muwasalimie na muwaulize. Wanajua tope limejaa wapi. Na msisogee ukingoni jioni, viboko wapo.