Babu alisema "mpaka"

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, kwetu Chamwino, nafanya kazi Dodoma mjini. Zamani shangazi yangu alitoroka kwa mumewe, ng'ombe wa mahari wakadaiwa, wakarudishwa. Babu akasimama kwenye mlango wa zizi tupu akasema: "Hakuna binti wa nyumba hii atakayeolewa akatulia, mpaka ng'ombe wangu warudi zizini." Akafariki nikiwa darasa la tatu, hajaifuta laana hiyo. Dada zangu wawili wameachika. Sasa nina mchumba. Mganga anataka laki nane, mbuzi mweusi na udongo wa kaburi la babu, uchotwe usiku. Anasema anayeitunza laana ni mama yangu mdogo. Zizi lenyewe siku hizi ni shamba la zabibu. Nifanyeje?*
*Binti wa Chamwino*

Marahaba mwanangu, na kwa Kigogo: mbukwa.

Huyo mganga usimpe hata mia. Kaburi la babu yako si machimbo ya mchanga. Na hilo la mama mdogo ni baya kuliko laki nane. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na kumwita mtu mchawi ni kosa. Lakini hata sheria isingekuwepo, nchi hii akina mama wazee wameuawa kwa neno la mganga aliyekosa la kusema. Ukilipeleka nyumbani hilo, hutalirudisha.

Tuje kwa babu. Maneno yake nimeyasoma mara tatu, nikacheka peke yangu. Mzee anayetaka kuwamaliza wajukuu hasemi "mpaka". Husema "kamwe", wala haachi neno lolote la kuwafungulia. Huyu alifunga mlango akaacha kamba inaning'inia nje. Tena hakutaja idadi. Hakusema "walewale". Amesema "warudi", basi wawili wanatosha.

Utaniuliza, ng'ombe wa mchumba wangu wanakuwaje wa babu? Ulipokuwa mdogo alikuwa anakuitaje? Kama ni babu wa kwetu, alikuita "mke wangu", akamtania bibi kwamba amepata mwenzake. Haya, ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya mke wake ni wa nani? Litoe hilo mbele ya wazee. Watacheka, na wakishacheka wamekubali, maana kwetu utani ni hoja.

Najua mchumba wako anataka kutuma mahari kwa simu. Nyingine atume, ila wawili waje na kwato zao. Mnada wa Msalato si mbali. Wapitishwe pale pale palipokuwa mlango wa zizi, hata kama imebaki nguzo moja iliyoliwa na mchwa.

Na shangazi yako awepo. Barua yako imemtaja mara moja ikamwacha njiani, kumbe ndiye mwenye shughuli. Miaka yote hii talaka za dada zako zinahesabiwa kichwani pake. Kuna aliyewahi kumuuliza alikuwa anakimbia nini? Aulizwe siku hiyo, baba yako akisikia, kabla ng'ombe hawajaingia. Akilia, msimharakishe. Halafu mzee wa ukoo achukue maji kinywani, awapulizie wewe na shangazi yako, aseme: "Ulisema mpaka warudi. Hawa hapa, wamerudi." Asiongeze neno. Walioongeza maneno ndio waliotufikisha hapa.

Kuhusu dada zako, hukuniambia waume zao walikuwa watu wa namna gani. Nina shaka laana ilipata wasaidizi. Kwa hiyo huyu wa kwako mchunguze kama vile babu hakusema kitu: anakunywaje, anadaiwa na nani, akikasirika mikono yake anaiweka wapi. Na mwambie habari hii yote wewe mwenyewe, asije akaisikia kwa wifi siku mtoto akiugua. Akikimbia kwa sababu ya zizi la zamani, umeokoa ng'ombe wawili.

La mwisho ni dogo ila msilisahau. Ng'ombe wakishaingia na maneno yakishasemwa, watolewe mara moja wakafungwe kwingine. Majani ya mzabibu wanayala vizuri sana, na baba yako akikuta matawi yamebaki vijiti, kumbuka naye ni mtoto wa babu yako.