Nilipeleka Pesa ya Kiwanja Nirudishe, Mnunuzi Akaikataa

Wiki tatu baada ya kusaini mkataba wa kuuza kiwanja changu, alijitokeza mtu wa kunipa bei kubwa zaidi. Usiku huo sikulala. Kulipokucha nikaenda benki, nikatoa malipo yote ya awali, nikayatia kwenye bahasha na kumfuata mnunuzi wa kwanza, mzee mmoja mpole. Nikamwambia familia imekataa nisiuze. (Uongo mtupu, familia haikuwa na habari.)

Aliitazama bahasha, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikarudi upande wangu wa meza.

"Mwanangu, mimi sikukukopesha. Nilinunua."

Ndipo nikajua jambo ambalo wauzaji wengi hatulijui: kurudisha pesa peke yake hakuvunji mkataba. Mliufunga wawili, mtaufungua wawili. La sivyo, utafute kifungu cha kukutoa humo ndani, au sababu ambayo mahakama itaikubali.

Wakili, ambaye ningemwona kabla ya kwenda benki kama ningekuwa na akili, hata hakuuliza bei mpya ni kiasi gani. Alitaka kujua kama mnunuzi amepitisha tarehe ya kulipa. Kama lipo sharti ambalo halijatimia, tuseme kibali au mkopo. Kama nilidanganywa au kulazimishwa. Kama yupo mwenza au mmiliki mwenzangu aliyepaswa kuridhia na hakuridhia. Yote nikajibu hapana.

"Basi huna sababu, una tamaa," akasema. Na nikamlipa.

Alinifafanulia kwamba kiwanja hakina pacha, na ndiyo maana katika nchi nyingi mahakama haiishii kwenye fidia. Inaweza kumwamuru muuzaji ahamishe umiliki, apende asipende. Kwingine mnunuzi huweka zuio kwenye rejista ya ardhi, na mwenye bei nono akilikuta anakimbia. Ukimuuzia kimyakimya, una kesi mbili, na moja huenda ikawa ya jinai. Hata mnunuzi akichelewesha malipo, usirukie kuuza: mpe notisi ya maandishi kama mkataba unavyosema.

Nikarudi kwa mzee, safari hii na ukweli. Akafungua faili lake: risiti za mpimaji, za upekuzi wa hati, za wakili wake. "Nirudishie na hizi, uongeze cha usumbufu, tuandikiane mbele ya mashahidi kwamba mkataba umekufa na hakuna anayemdai mwenzake." Ofa ya haki kabisa, ukiipata, ishike, na usitoe hata senti bila hayo maandishi. Mimi nilipopiga hesabu, faida niliyoikosea usingizi ilikuwa imekwisha. Nikasaini hati za uhamisho wiki hiyohiyo.

Yule wa bei kubwa nilimpigia kumwomba radhi. Akaniambia nisijali, hata yeye hizo pesa alikuwa bado anazitafuta.